Malalamiko Kuhusu Duara Jekundu Ulilonichora

Waianae, kisiwa cha Oahu
Jumapili, 21 Juni

Kwa Kocha Reinhold Aigner,
Mafunzo ya Mawimbi kwa Njia ya Mtandao,
Innsbruck, Austria.

Ndugu Kocha,

YAH: KUCHORWA DUARA MBELE YA FAMILIA YANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na theluji ya huko imekwisha kuyeyuka. Huku kwetu wote ni wazima, isipokuwa mimi, ambaye nimekasirika.

Hunijui kwa jina, ila kwa sura unanijua vizuri mno. Mimi ndiye mama wa miaka sitini na tisa, mwenye kofia ya njano, anayeonekana nyuma katika kila video anayokutumia mwanafunzi wako Ikaika. Ikaika ni mtoto wa kaka yangu. Ana miaka thelathini na tisa, anaendesha kreni bandarini, na tangu Januari hana habari ya jambo jingine ila mafunzo yako. Kila Jumamosi mkewe, Mahea, husimama ufukweni na simu, akimpiga video anapopanda mawimbi kwa ubao wake. Wewe unairudisha siku ya pili ikiwa na mishale na sauti yako, nasi tunaitazama sote kwenye runinga ya gerejini, sahani zikiwa mapajani.

Nina malalamiko matano. Nimeyapa namba ili usije ukasema ni hasira za mwanamke tu.

1. Unaishi milimani. Sina ugomvi na milima. Tunayo yetu visiwani huku, na mingine inatema moto. Lakini nimetazama ramani, na kutoka mlangoni kwako mpaka bahari yoyote ni safari ya nusu siku. Ukoo wetu ulikuwa ukisimama juu ya mawimbi kabla babu wa babu yako hajaambiwa kuwa kuna maji ya chumvi. Nilipomuuliza Ikaika mtu wa theluji atatufundisha nini, alinijibu, "Shangazi, zamani alikuwa akifundisha watelezaji wa barafuni. Nyonga ni nyonga." Nyonga ni nyonga! Hayo ndiyo majibu tunayopewa na watoto tuliowaogesha.

2. Somo lako la sita, lile la kulala kifudifudi kisha kuruka na kusimama kwa mara moja, mara hamsini kila siku, limetunyang'anya gereji. Gari linalala nje na mbwa amehamia kwa jirani. Mahea ananung'unika kwamba mkeka wa mazoezi walioununua Machi umekwisha kutoboka, na Ikaika anaapa kwamba yeye hajautumia kiasi hicho. Mimi sijui lolote kuhusu mkeka.

Tena ulimfundisha kwamba macho yatangulie na mwili utafuata. Sasa hata akitaka chumvi huikodolea macho kwanza, ndipo ageuze bega, ndipo ageuze kiuno. Wiki iliyopita alikuwa na bakuli la samaki wabichi wa mafuta ya ufuta mkononi. Mwili ulifuata. Bakuli halikufuata.

3. Ulimwambia apande mawimbi kumi na mawili kila saa, asipungukiwe hata moja. Kocha, hapa mawimbi hayahesabiwi. Wimbi zuri likija unatazama kwanza ni nani mkubwa kwako aliye karibu, unampisha, na yeye akitaka anakupisha wewe. Ikaika alimwambia Mjomba Puna, mzee wa miaka sabini na sita, "Mjomba, samahani, nimebakiza matatu kutimiza kumi na mawili." Mzee alimtazama akasema, "Kumi na wawili ni mitume, mwanangu. Pisha." Tuliona aibu mpaka jioni.

4. Amekuwa hodari. Hili naliandika kwa uchungu. Miaka thelathini nimemfokea mtoto huyu majini, "Inua kichwa, Ikaika! Inua kichwa, unatafuta nini miguuni?" Hakuinua. Wewe ukamwekea mshale mmoja mwekundu, na baada ya wiki mbili kichwa kiko juu kama cha jogoo. Kama ningejua ni mshale tu uliokuwa ukihitajika, ningenunua rangi.

5. Sasa nafika kwenye duara.

Jumapili iliyopita tulikuwa watu kumi na mmoja gerejini. Ulikuwa ukieleza goti la Ikaika, mara ukaisimamisha video, ukanichora duara jekundu mimi, na ukasema, nanukuu, "Mama huyu wa nyuma hapishi watu. Anapiga mikono majini kulifuata wimbi, anaweka viganja ubaoni ili asimame, anajaribu kuuvuta mguu wa kushoto, hauji, ndipo anamwachia wimbi aliye nyuma yake na kumwita 'Nenda!' Nimemwona akifanya hivyo mara thelathini na moja tangu Januari. Nyonga inamuuma. Jamaa zake wampeleke kwa daktari."

Gereji nzima iliangua kicheko. Mahea alisema, "Maskini, huyo hajui ukarimu ni kitu gani." Ikaika akasema, "Shangazi yetu ndiye mtoa mawimbi wa pwani hii, kila mtu anajua!" Mjomba Puna akamalizia, "Huko kwao milimani pengine kila mtu hukimbilia lake." Mimi nilicheka kuliko wote. Nilicheka mpaka wakaniletea maji.

Naomba ujue umechafua jina gani. Mwaka huu nimewapa watu mawimbi mengi kuliko mtu yeyote hapa. Wewe umehesabu thelathini na moja. Mimi nimehesabu arobaini na manne, kwa sababu Mahea hapigi video siku za kazi. Mchungaji amenitaja kanisani mara mbili. Watoto wakipewa wimbi na mtu husema, "Umefanya kama Shangazi Nohea." Na tarehe 9 Agosti, siku yetu ya kuwaheshimu wazee wa maji, nitavishwa shada la maua mbele ya pwani yote kwa ajili ya ukarimu huo. Anayevishwa shada hupanda wimbi la kwanza peke yake, wengine wote wakiwa wamesimama mchangani na mbao zao. Ndivyo ilivyo tangu enzi za bibi yangu.

Uliuliza pia, kama mama huyu ni mkarimu, kwa nini ajisumbue kupiga mikono kwanza? Swali hilo halina adabu. Nimelifikiria wiki nzima na bado halina adabu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu: ulifute duara, umtumie Ikaika video nyingine yenye kusema kwamba ulikosea na kwamba nilichofanya ni upendo mtupu, na tangu leo uwatazame wanafunzi wako tu, si watu wanaopita nyuma yao na shughuli zao.

Wasalimie wa nyumbani kwako, na majirani, na hao watelezaji wa barafuni. Mjomba Puna anakusalimu, ingawa hajui kuwa anakusalimu, maana hakuna aliyeambiwa habari za barua hii.

Wako, mwenye hasira na heshima kwa pamoja,

Nohealani Kaluhiwa
(mwenye kofia ya njano)

N.B. Ni nyonga ya kushoto, kama ulivyosema. Nilikwenda kwa daktari Jumatano, nikawaambia nyumbani nimekwenda kununua magimbi. Gegedu limelika, ila amesema bado naweza kufanya mazoezi nikipata mtu wa kuniangalia vizuri. Watu wamenitazama kila siku majini kwa miezi sita, watu wanaonipenda, na hakuna aliyeona ila wewe.

Nimeambatanisha video. Nimeipiga mwenyewe gerejini, simu ikiwa imeegemezwa kwenye gunia la mchele, Ikaika akiwa kazini. Ni somo la sita. Nimekuwa nikilifanya mara hamsini kila asubuhi tangu Machi, na jana nilisimama mara nne. Mkeka nitawanunulia mwingine.

Zimebaki wiki saba, na naogopa, Kocha. Siku hiyo sitakuwa na mtu nyuma yangu wa kumwambia "Nenda!" Tafadhali nichoree mshale. Uwe mwekundu, na uwe mkubwa kuliko wa Ikaika.