Malalamiko ya Fundi Cherehani Kuhusu Kidonge cha Kuzuia Damu Kuganda

Mheshimiwa Daktari Mkuu wa Kliniki ya Moyo,

Shikamoo sikupi, kwa sababu nakuzidi umri, na mama yako pengine namzidi pia. Naanza na marahaba, nikiamini umeniamkia kimoyomoyo. Mimi ndiye yule bibi fundi cherehani mwenye kibanda mkabala na geti lenu, ninayewashonea wauguzi wako sare. Shule niliishia darasa la nne, lakini kuandika naweza, na kusema naweza zaidi. Naomba kwa heshima unifutie kile kidonge mlichonipa cha kuzuia damu isigande. Sababu ni hizi.

1. Daktari wako kijana, yule mwenye kidevu kama cha mtoto mchanga, alinibandika nyaya kifuani, akatazama karatasi, akaniambia moyo wangu unadunda ovyo, hauna mpangilio. Ovyo! Nimekanyaga cherehani miaka arobaini na saba. Mpangilio naujua mimi, si yeye ambaye kola ya koti lake imekaa upande. Akasema moyo ukidunda hivyo damu inatuama ndani yake, inaganda, kisha donge linapanda kichwani, linaniangusha kwa kiharusi. Nilimsikia. Lakini damu yangu itatuama vipi, na mwenyewe sijatuama tangu nizaliwe?

2. Alinihesabia alama. Umri, mbili. Presha, moja. Sukari, moja. Kisha akaongeza moja kwa kuwa mimi ni mwanamke! Shuleni sikuwahi kupata alama tano za kitu chochote. Siku nimezipata, naambiwa hapa mwenye nyingi ndiye aliyefeli. Hiyo ya uanamke irudishwe kwa aliyeitoa. Sikujiumba.

3. Tangu nianze kidonge, sindano ikinigusa kidole natoka damu mpaka uji unapoa. Zamani nilikinyonya nikaendelea na kazi. Sasa nakibana kwa kitambaa kama niliyekamata mwizi. Fizi nazo zinavuja nikipiga mswaki. Nilipomweleza kijana wako, akajibu, "Bibi, basi usijichome." Na yeye basi asipige chafya.

4. Mwezi uliopita muuguzi wako mkuu alinirudishia aproni nyeupe, akaniuliza mbele ya wateja, "Bibi, hili doa ni la nini?" Nikamwambia, "Ni lenu hilo, mwanangu. Mliliandika wenyewe kwenye cheti, mimi nimewaletea tu." Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nguo yangu ilikuwa haijawahi kurudishwa.

5. Mmenikataza dawa zangu za goti, eti zikikutana na kidonge tumbo litavuja damu. Mboga za majani nazo nisile leo rundo zima na kesho nisiziguse. Nile kiasi kilekile kila siku, nisivuruge kipimo. Tena nisianguke. Hilo la kuanguka ndilo lililonimaliza. Kwani mimi huanguka kwa ratiba?

6. Nikiacha kidonge, kiharusi. Nikimeza, kuvuja damu. Mteja akija kwangu akitaka gauni lililobana na kupwaya hapohapo, namrudishia kitambaa chake. Kijana wako akasema kwa hesabu zake kiharusi ndicho cha kuogopwa zaidi, kwa hiyo nimeze kila jioni na nije kupimwa damu. Yaani mmenichagulia hadi cha kuogopa! Marehemu mume wangu hakuthubutu kunichagulia hata rangi ya pazia.

7. Kwa kuwa hamna msaada, nimejipangia mwenyewe, na mkitaka niigeni. Nikishona kitambaa cheusi au chekundu, nameza. Nikishona cheupe, simezi. Mgonjwa ameze dawa kulingana na rangi ya kazi yake, basi. Na kwa kuwa mmeniagiza sare nyeupe thelathini na mbili, leo ni siku ya kumi na moja sijameza, na hakuna pindo lenye doa. Mmesoma miaka yote hiyo, jambo rahisi kama hili likawashinda!

Kwa hiyo nadai kidonge kifutwe kabisa. Mkikataa, kila daktari wa kliniki hiyo akimeze mwezi mzima, na kila asubuhi anyoe ndevu kwa wembe. Yule kijana, kwa kuwa ndevu hana, atanyoa kichwa. Nitaweka kiti changu getini niwakague mkiingia.

Wasalimie wauguzi wote, wa maabara wanaonitoboa, mama yako mzazi, na yule mfagizi wa korido, mtu pekee kwenu aliyewahi kunipisha nikae.

Ni mimi nisiyepangiwa,
Bibi Fundi wa mkabala na geti.

Nyongeza: Nilipokunja barua hii na kushika mkasi, mkono wa kulia uligoma. Haukufa ganzi kama mkono uliolaliwa. Uligoma, mkasi ukadondoka, nikautazama mkono kama wa mtu mwingine. Mkaza mwanangu akaacha kufagia, akasema, "Mama, mbona mdomo umekwenda upande?" Nikataka kumtukana, tusi likatoka vipandevipande. Mimi! Ikawa hivyo kwa muda wa kuchemsha chai, kisha vyote vikarudi. Nikasema yamekwisha, nimalizie pindo. Akanishika kiuno kama gunia, akanivusha barabara. Haya nayaandika kwenye benchi la korido yenu, maana mlinzi ametuambia tupange foleni, na mkono umeanza tena kuwa mzito. Mkaza mwanangu ataisukuma barua chini ya mlango wako. Namba moja mpaka saba usizisome. Iweke chini, mwanangu, ufungue mlango.