Kisanduku Chekundu cha Mwenyekiti

Jumatatu, 6 Oktoba 1997
Daktari kasema moyo wangu umechoka, Krismasi nisiitegemee. Basi naandika ukweli kabla sijaondoka. Miaka thelathini nilikuwa ofisa mipango. Sasa ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa wodi ya wazazi kwenye zahanati yetu hapa Kambarage. Kuta zimesimama, za matofali mabichi. Bati zisipopigwa kabla ya mvua, kuta zitageuka uji. Kikaoni Mageni, mkuu wa mafundi, kasema apewe misumari tu, mwenyekiti akapumzike na mafaili yake. Watu wakacheka. Hata katekista Onesmo!

Jumanne, 7 Oktoba
Nimekwenda dukani kwa Jashvant, muuza vifaa vya ujenzi. Binti yake Varsha ana kompyuta yenye programu ya kupangia miradi. Maajabu! Kila kazi ni kisanduku. Mshale ukitoka kimoja kwenda kingine, cha pili hakianzi mpaka cha kwanza kiishe. Na visanduku unavibadili upendavyo: umbo, rangi, unene wa mistari. Kazi za Mageni nimezipa vidogo, vya kijivu. Changu, "Mwenyekiti akague", kina pembe sita, wino mwekundu, mistari miwili.

Dhambi yangu ndiyo hii: nimekiweka kabla ya kila kazi. Mara kumi na moja! Hata kabla ya kusimamisha ngazi. Varsha kauliza, babu, na ukiugua je? Nimemwambia mimi siugui. Wakati huo nimeshikilia meza yake nipate pumzi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Karatasi tisa, zimeunganishwa kwa gundi, zimebandikwa ukutani zahanati. Kamati imepitisha, mikono yote juu. Mhuri umegongwa. Mageni kautazama mchoro, kaguna. Nimekula wali sahani mbili.

Jumatatu, 13 Oktoba
Kitandani. Miguu imevimba. Binti yangu Zipora kanifichia viatu. Nje kimya, hakuna hata nyundo moja. Kumbe mafundi wamekaa kivulini tangu Ijumaa, wananisubiri mimi! Kila asubuhi Mageni huwasomea mchoro, kidole juu ya mshale. Miaka ishirini hajapata kunitii, kaanza leo! Nimemtuma Zipora: waendelee tu. Jibu limerudi na adabu zote, hata salamu ya asubuhi ya Kisukuma: mwangaluka mwenyekiti, pole na maradhi, ila kisanduku kinasema "akague", hakikusema "atume salamu".

Jumatano, 15 Oktoba
Wingu jeusi. Mafundi wanne wamekuja, wakaninyanyua pamoja na kitanda changu, Mageni mbele akiimba wimbo wa kulimia. Aibu gani! Mtaa mzima nje. Nimekagua mbao nikiwa chali. Nimekagua misumari. Nimekagua ngazi. Kwenye kisanduku cha nne tone likaniangukia puani.

Nikapiga kelele wapande, waachane na karatasi! Mageni kasema yeye ni nani avunje azimio la kamati. Labda mwenyekiti mwenyewe atamke mbele ya watu kwamba mchoro wake ni upuuzi. Nimetamka. Mara mbili, maana alidai hajasikia. Wakapanda kama ngedere. Varsha, aliyekuja na bati, akaubandua mchoro akanifunika nao kichwa.

Jioni paa limekamilika. Lakini kona ya kaskazini imeyeyuka mbele ya macho yangu. Chumba cha kujifungulia! Vitanda viwili vingekaa pale. Mimi ndiye niliyeiangusha, si mvua.

Ijumaa, 17 Oktoba
Onesmo kaja kuniandaa kwa kitubio. Nimemweleza yote, na kwa ile kona nimelia. Kasema vyema, sasa nimwombe Mageni radhi.

Mimi! Nimwombe Mageni! Moyo ulikaribia kusimama palepale.

Alipoondoka tu nikachora mpango mpya, nikamtuma Zipora dukani, Varsha auchape kwa rangi. Kisanduku cha kwanza: Mageni aniombe radhi. Mshale. Nimsamehe. Mshale. Nitubu. Mshale. Nife. Hakuna kuruka hatua.

Zipora karudi na habari. Mageni ameuona, na ameapa kwamba haniombi radhi mpaka siku ya kiyama.

Vizuri sana. Nimeagiza kilo mbili za nyama.