Vitabu Saba vya Primus

Jumatatu, 9 Juni

Ukungu mpaka mlangoni. Moyo wangu umechoka. Daktari wa Moshi amesema hivyo, akaniagiza nipunguze chumvi, vilima na ubishi. Chumvi nimeacha.

Nitakufa kabla kahawa haijaiva yote, kwa hiyo niungame hapa. Mimi, Mwalimu Eliakim, nilifundisha chuo cha Biblia mpaka nikastaafu. Vitabu sitini na sita, havizidi. Kuwaombea wafu hakumo. Nilimpa sifuri mwanafunzi aliyeandika kwamba kumo. Na tangu tumzike mke wangu Elisifa, kila jioni namwombea. Kwa jina! Naanza na habari za ng'ombe, kisha namwomba Mungu amweke mahali penye jua, maana Elisifa hakupenda baridi ya huku Masama.

Nikiondoka, nani ataendelea? Watoto wangu hawatakubali. Wamefundishwa vizuri mno. Niliwafundisha mimi.

Amebaki mtu mmoja tu: Primus, jirani yangu, katekista mstaafu wa Kikatoliki. Biblia yake ina vitabu saba zaidi, na katika kimojawapo, cha Wamakabayo, askari waliokufa vitani wanaombewa na wenzao. Tatizo: hajakanyaga hapa tangu Pasaka. Siku hiyo, tukiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, nilimwambia vitabu vyake saba ni wageni walioingia harusini bila kadi. Akajibu kwamba wageni hao walikuwa mezani miaka zaidi ya elfu, na ni yule mtawa wetu Mjerumani, Luther, aliyewatoa wakiwa na kijiko mdomoni. Akachukua fimbo yake. Hata kata ya mbege hakuimaliza.

Mpango: aje mwenyewe, ajitolee mwenyewe, mimi nisiombe kitu. Nina heshima yangu.

Jumanne, 10 Juni

Nimemtuma Gladys, mke wa mwanangu. Akamwambie Primus kwamba nina swali la kitaalamu: wale maaskofu wa Afrika ya Kaskazini, walipopanga orodha ya vitabu, walifuata Wayahudi wa Kiebrania au wasomaji wa Kigiriki? Chambo safi. Hakuna katekista wa kukikataa.

Gladys amerudi. Primus anasema Mwalimu alikuwa na majibu yote siku ya Pasaka, na haamini kwamba yameisha. Akampa ndizi za mtori. Ndizi nzuri. Nimekula kwa uchungu.

Alhamisi, 12 Juni

Mpango wa pili: kufa. Nilimwomba Gladys aseme pale wanapokusanyia maziwa kwamba baba mkwe hafiki kesho. Alikataa kusema uongo. Nikamwambia nina umri huu, ni uongo kwa siku chache tu.

Walikuja! Kwaya nzima ya usharika, na Mchungaji Stella. Nililala mikono kifuani, jicho moja limefumbwa, jingine dirishani. Waliimba beti zote. Walimaliza supu yote. Mchungaji akanisogelea, akauliza kwa upole kama kuna jambo linalonilemea. Elisifa alikuwa ulimini kabisa. Nikasema hakuna.

Primus alionekana kwenye kahawa yake, ng'ambo ya ua. Amevua kofia. Alisimama hivyo mpaka wimbo wa mwisho, akavaa kofia, akaendelea kupogoa.

Kwa nini hakuja? Ni hatua ishirini!

Ijumaa, 13 Juni

Nimekumbuka isale! Babu zetu hawakuhitaji mtaguso wowote wa maaskofu. Ukimkosea mtu, unampelekea jani la isale, mmea ule tunaopandia ua, na akishapelekewa hawezi kukataa kusamehe. Sikuwa nimemkosea, bila shaka. Lakini jani halisemi nani kakosea.

Nilichukua kisu cha jikoni nikajikokota mpaka ua wa masale. Nikavuta. Nikaanguka. Likaja jani, shina na mizizi. Gladys alipiga kelele mpaka ng'ombe wakajibu. Nikalifunga fundo vizuri, nikamtuma hivyohivyo.

Kumbe! Ua ule ndio mpaka. Baba yake na baba yangu waliupanda pamoja.

Haikupita muda Primus yuko getini, fimbo juu, na Anaeli, balozi wetu wa nyumba kumi, nyuma yake. Amekuja! Anaeli akauliza kwa utaratibu: Mwalimu anaomba radhi au anaiba shamba la kihamba? Primus akasema tangu azaliwe hajasikia mtu akiomba msamaha kwa kung'oa mpaka, na hata vitabu vyake saba havina mpumbavu wa namna hiyo. Nilifurahi mpaka nikakohoa. Miezi miwili sijatukanwa na mtu anayejua vitabu!

Anaeli akaamua tulirudishe shimoni papo hapo. Primus alichimba, mimi nilishika shina. Kisha Gladys akaleta mbege.

Nikamkumbusha kwa mbali kwamba mafundisho yana ngazi tatu: ya kufia, ya kutengana makanisa, na ya kubishania kwenye mbege. Nikasema sala za wafu, nikifikiri upya, ni ngazi ya tatu. Akasema siku ya Pasaka zilikuwa ngazi ya pili. Nikasema Luther mwenyewe hakuvichoma vile vitabu. Aliviweka sebuleni, akasema vinafaa kusomwa. Primus akaniangalia sana. Akauliza, Eliakim, ni nani?

Nikainamia kata yangu.

Akasema kama ni mama Elisifa, nitulie. Anamtaja kila Misa tangu siku ile tulipomzika. Hakuona sababu ya kuniomba kadi.

Nililia ndani ya kata. Mbege ikawa na chumvi, daktari anisamehe.

Jumapili, 15 Juni

Primus alitoka Misa akaja moja kwa moja, na Biblia yake nene. Akasema anataka kunisomea Wamakabayo ili roho yangu ipumzike, kisha aweke na jina langu pamoja na la Elisifa. Akasoma polepole, kwa sauti nzuri. Ilinibidi niseme amina tu. Neno moja!

Nikamwambia kwamba mwandishi anakiri mwenyewe amefupisha kazi ya mtu mwingine, tena kwa Kigiriki.

Akafunga kitabu. Akachukua fimbo. Getini akageuka: Elisifa atabaki palepale alipo katika sala zake, ila jina langu atalifikiria, na asinione tena.

Gladys ameuliza, Baba, hata siku moja tu huwezi kunyamaza? Ameficha visu vyote.

Haidhuru. Lile isale bado halijashika mizizi. Linang'oka kwa mkono.