Jinsi Bahizire Alivyouangusha Mshale wa Mafuta

Sogeeni karibu, enyi watu wa Gihosha na Mutanga Nord, nanyi mliovuka mto Rusizi na godoro kichwani. Waacheni kwa kitambo majemadari, maana majemadari wanao watu wa kuwasifia. Nitawasimulia vita vilivyopiganwa Jumanne moja ya mwaka 1997, katika uwanja wa ndege wa Bujumbura, ambako upanga haukutoka alani wala risasi haikulia, na silaha zote zilikuwa chupa tatu za bia, tena tupu.

Upande mmoja alisimama Zénon, Mkuu wa Mafundi, Bwana wa Mihuri, Mbeba Kalamu Nne Mfukoni, aliyesoma majuma matatu Ubelgiji akarudi na cheti, akakitundika juu kidogo ya picha ya Bikira Maria. Upande wa pili alisimama Bahizire wa Bukavu, fundi mdogo, Mlala Chini ya Mabawa, mkimbizi mwenye bisibisi mbili na ovaroli ya mtu aliyekwisha kufa. Kati yao ilikaa ndege kuukuu ya mizigo, ambayo saa nne ingeruka kwenda Kindu nchini Kongo, saa moja na nusu juu ya msitu usio na mahali pa kutua. Ndani yake, juu ya marobota ya vitenge, alikwisha kujikalia Orpha, dada yake mdogo Bahizire, ndugu pekee aliyebaki naye baada ya kukimbia. Hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki. Mengine ni upuuzi, na upuuzi huo ulikuwa na ofisi yenye feni.

Basi jueni kwamba siku zile za vikwazo, nchi jirani zilipoifungia Burundi mipaka, mafuta ya ndege yalikuja kwa mapipa, kwa njia ambazo hakuna aliyeziulizia, yakapandishwa tangini kwa pampu ya mkono. Jana yake lilikuwa limemiminwa pipa moja katika tangi linalomeza mapipa sita. Na tazameni, mshale wa geji, ile saa ya mafuta ambayo pale uwanjani waliiita jauge, uliruka kutoka chini hadi mwisho wa juu, ukaganda hapo. Mtu yeyote aliyewahi kujaza mtungi angejiuliza. Zénon hakujiuliza. Aliona ni baraka, akaamuru mapipa mengine yafungiwe ghalani.

"Mukubwa," alinena Bahizire, amesimama wima kama aliyeitwa barazani, "pipa moja haiwezi kujaza tangi. Mi naomba tupime na fimbo."

Zénon akapanua kifua, akahutubu. "We Bahizire, fimbo ni ya wale wenye kuuza petroli mu chupa, kando ya barabara. Hii ni ndege. Mule ndani muko flotteur, kale kapira kenye kuelea, sawa na mu choo ya kuvuta. Mafuta ikipanda, kanapanda. Ikishuka, kanashuka. Mi nilisomea hii kitu Ubelgiji. Jauge haidanganyi, ni watu ndio wanadanganya."

Laiti vyeti vingekuwa na uso wa kuona haya. Ndege ile haikuwa na kapira kokote. Bahizire alilijua hilo kwa kuwa alikuwa amesoma kitabu cha ndege, kurasa mia mbili za Kifaransa zilizojaa grisi, ambazo Mkuu alizitumia kuzuia mlango usijifunge. Tangini mlikuwa na mirija miwili, mmoja ndani ya mwenzake, na umeme kidogo wa kupima kilichojaa kati yao. Kwa kipimo cha umeme huo, hewa ikihesabiwa moja, mafuta ni mbili. Ndiyo maana mafuta yakipanda, mshale nao hupanda. Lakini maji ni themanini. Yakituama maji kidogo chini ya mirija, geji huchanganyikiwa, ikaapa kwamba tangi limejaa hali li karibu tupu. Na mapipa ya magendo yalikuwa na maji, kama kawaida yao. Siku tatu Bahizire alikuwa akipambana na ukurasa ule bila kuuelewa. Asubuhi hiyo aliuelewa.

"Chef, mukubwa wangu, dada yangu iko mule," alisema. "We ukae pale mbele, uangalie ule mushale. Mi nitafungua valve, kale kabomba ka chini ya tangi, nitoe chupa tatu tu. Kama haisogei, unifukuze leo leo."

Zénon, aliyependa kufukuza watu kuliko chakula, akakubali. Akapanda kwa hatua za kifalme, akaketi katika kiti cha rubani, akaigonga geji kwa pete yake mara mbili.

Naye Bahizire akajitosa chini ya bawa, chali. Chupa ya kwanza ikajaa maji. Ya pili, maji. Ya tatu ilipofika nusu, mafuta yakaanza kushuka na harufu yake. Huko juu mshale ukatikisika, ukabanduka kileleni, ukapita nusu, ukapita robo bila kuisalimu, ukaketi karibu na sifuri.

"Mwizi," Zénon alinguruma dirishani. "Umemaliza mafuta yote. Mukamate huyu mutu."

Bahizire akatoka akiwa amezikumbatia chupa zake. "Chef, mapipa sita inaingia mu chupa tatu?"

Wapagazi waliokuwa wakipakia mizigo wakasogea kuzitazama. Zénon akazihesabu chupa, akazihesabu tena, labda moja ingekataa kuhesabiwa. Kisha akachomoa kalamu ya pili kati ya zile nne, akaandika daftarini kwamba geji imetengenezwa na Mkuu wa Mafundi, akaamuru ghala lifunguliwe. Bahizire akapampu mapipa manne, akiyachuja kwa kitambaa, hadi viganja vikachunika.

Orpha akachungulia mlangoni. "Kaka, mutatuchelewesha mpaka saa ngapi? Mi nitauza nini Kindu kama soko imefunga?"

Bahizire akampa kisogo, kwa sababu alikuwa analia, na hakutaka dada yake aone.

Basi andikeni, enyi waandishi wa enzi na falme, kwa wino mzito: siku hiyo mshale ulianguka, na ndege haikuanguka. Jioni redio ilisoma wafu wa vita vya vilimani, kwa idadi, kwa sauti ile ile ya kusomea hali ya hewa, kisha ikapiga muziki. Kindu haikutajwa, wala ndege yoyote. Bahizire alisikiliza hadi mwisho, akaizima, akala.