Kapo ya jipu la Papa Numbi

Wenzangu, leo heshima yangu imebaki mtaroni. Naandika barua hii nikiwa bado na udongo masikioni, na kesho asubuhi ataibeba mwenye baiskeli anayekwenda Luena. Afadhali mnisikie mimi kabla hamjawasikia watu wa Kamina.

Mahari ya Mbuyu nilishamaliza, mnajua. Kilichobaki ni tarehe ya ndoa. Baba yake, Papa Numbi, karani wa stesheni, kila nikimwuliza anatazama reli na kusema, "Vita ipite kwanza." Vita haipiti! Kisichopita ni treni. Petroli nayo imekwisha mjini, kwa hiyo jipu lake limekaa uani muda mrefu na kuku wanataga ndani.

Mwezi uliopita akapata injini ya mazutu, dizeli, kutoka kwenye lori lililokufa. Akaniita.

"Banza, weye njo fundi. Tia hii injini mu jipu yangu. Mama iko ku shamba na mahindi yote. Ukimuleta muzima na mahindi yake, njo tutasema tarehe."

Niliitia! Siku nne, mikono imechubuka, ikawaka. Niliimba peke yangu. Halafu nikashusha kapo, lile bati la kufunika injini, kapo ikagoma. Injini ya lori ni ndefu. Ilichomoza juu kama goti la mgonjwa chini ya blanketi.

Basi nikakata tundu kwenye kapo, nikasema juu yake nitaweka nundu ya bati la pipa. Nundu iwe na kimo gani? Hapo nikajiona mwerevu (ogopeni sana siku mkijiona werevu). Nilichukua bukari, ugali wa jana, nikabandika matonge juu ya injini, kila tonge unene wa vidole vitatu. Nitaifua nundu mpaka iguse matonge tu, basi. Nafasi ya vidole vitatu itabaki, injini itikisike inavyotaka. Nikaenda nyuma ya nyumba kukata pipa.

Niliporudi, matonge yalikuwa yamepungua. Kuku walikuwa wamesimama juu ya injini wakinitazama kwa adabu kabisa. Na mimi, fundi mwenye diploma, nikasema moyoni: bukari imekauka, imenywea. Nikafua nundu kwa kipimo hicho hicho. (Msiseme kitu. Nimeshajisemea yote.)

Leo asubuhi nikaenda shambani, jipu tupu. Mashimo, mchanga, kijito kisicho na daraja, vyote nilivipita na kapo kimya. Nilikuwa na furaha mpaka nikawa nawapungia mkono watu nisiowajua.

Mama mkwe alikuwa tayari, na magunia kumi, na kuku mmoja kwenye kikapu. Mnajua heshima ya mkwe na mama mkwe kwetu: hatutazamani usoni, hatusemezani ana kwa ana. Kwa hiyo alipanda nyuma, akakaa juu ya magunia, akanigeuzia mgongo, akajifunika kitenge kichwani. Tukaondoka hivyo, mimi natazama Kamina, yeye anatazama Luena.

Karibu na mji kuna kilima, na juu ya kilima kuna bariye ya basoda, kizuizi cha askari. Mzigo ulikuwa mzito. Nikakanyaga mafuta kwa nguvu zangu zote.

Ta-ta-ta-ta-ta-ta!

Nikaona basoda wote wanaanguka chini. Mmoja alikuwa ananyolewa ndevu, akaanguka na povu lake. Muuza mihogo akatupa beseni. Nikajiuliza: adui ametokea wapi? Lakini sikungoja jibu. Nikavuta breki ya mkono (fundi ni fundi hata akikimbia), nikaiacha injini inaunguruma, nikaruka, nikaingia mtaroni kichwa mbele.

Mle mtaroni nilimkuta yule soda mwenye povu.

"Ni nani anapiga?" akauliza.

"Sijue!"

"Bako wangapi?"

"Bako bengi!"

"Uko unabaona?"

"Hapana. Nimefunga macho."

Huko juu ikaendelea polepole: ta... ta... ta. Tukainama zaidi. Ndipo nikakumbuka mama mkwe. Wenzangu! Nilikuwa nimemwacha mama wa watu juu ya mahindi, katikati ya vita! Nikafungua jicho moja.

Alikuwa ameshashuka. Alitembea mpaka mbele ya jipu, kuku kwapani, akasimama, akasikiliza. Akainua kapo kidogo. Kimya. Akaishusha. Ta... ta. Akainua. Kimya. Akaishusha. Ta... ta. Alifanya hivyo mara tatu, taratibu, ili hata waliokuwa vichakani waone. Kumbe mzigo wa kilimani umeilegeza injini, inatikisika na kugonga nundu yangu ya kipimo cha kuku!

Hakunitazama. Alimgeukia yule soda.

"Baba soda, ambia ule muntu iko pembeni yako: adui ni kapo yake."

Soda akanigeukia, pua yake karibu iguse yangu. "Mama anasema adui ni kapo yako."

"Mwambie mama nimesikia."

"Mama, anasema amesikia."

Kicheko kilichotokea hapo, walikisikia mpaka mjini. Mkubwa wao alitaka kukasirika, akashindwa, akakaa juu ya jiwe akifuta machozi. Walining'olea kapo wenyewe, wakaiweka juu ya magunia, na mama mkwe akaikalia. Niliingia Kamina injini ikiwa uchi, na sokoni walishajua kila kitu.

Papa Numbi alikuwa amesimama mlangoni. Hakuyatazama mahindi.

"Banza. Ni kweli uliacha bibi yangu mu motokari, ukakimbia?"

Nikasema ni kweli. Ningesema nini? Mbuyu alikuwa dirishani, ameziba mdomo kwa mikono miwili, na nilijua tarehe yangu imekwenda. Niliumia, wenzangu, siwafichi. Nikaanza kukusanya vyombo vyangu vya kazi.

Mama mkwe akasema kutoka jikoni, mgongo wake kwetu, akimsemesha mumewe tu.

"Papa Mbuyu, unamukasirikia juu ya nini? Mu hii vita banaume bote bashujaa, bibi zao bako bajane. Ule anakimbia mbio vile, hakuna risasi itamufikia. Mutoto wetu atazeeka naye. Muambie tarehe."

Papa Numbi naye akaziba mdomo. Mabega yakaanza kumtikisika. Akaingia ndani haraka, akarudi na kalenda ya kanisa.

Ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Njooni wote, chekeni mpaka mchoke, lakini mbele ya wazee niiteni shujaa, hata kwa dakika tano tu.