Lundo Uani kwa Shangazi Nusra

Jumatatu, 3 Novemba

Dai langu ni hili, na nitalitetea mbele ya kadhi, mbele ya profesa na mbele ya jirani: jani si taka. Anayemlipa mtu aje kumzolea majani ya uani mwake anamlipa mwizi, kisha anamfungulia lango.

Leo nimelitekeleza. Nimemwandikia Swabir, mwenye lori la kuzoa majani hapa Bongwe na Diani, kwamba huduma yake nyumbani kwa shangazi Nusra imekoma. Ujumbe wa aya nne, pamoja na utangulizi. Amejibu kwa picha ya dole gumba. Huo ndio upeo wa wapinzani wangu.

Shangazi hajui. Yuko Makka kwa Umra. Atarudi Jumamosi, na Jumapili akina mama wa mtaa watakuja kumlaki kwa dua na biriani. Kabla ya kuondoka alinishika sikio, mimi mwenye shahada ya falsafa, akasema aukute uwanja umefagiwa, pasiwe na lundo hata la kuku kuparura. Akilikuta, nifungashe virago nirudi Msambweni kwa baba. Chumba changu cha uani, chenye feni, dirisha na rafu ya vitabu, atakipangisha.

Msambweni wadogo zangu wanabanana katika chumba kimoja. Kuna baba pia, ambaye kila baada ya sala ya alfajiri huniuliza nimepata kazi gani tangu jana. Sirudi Msambweni.

Wala sina wasiwasi. Lundo likipangwa kitaalamu hugeuka mboji na kunywea. Kitabu kinasema miezi mitatu. Lakini kitabu kiliandikwa Ulaya, kwenye baridi. Hapa kwetu, kwa makadirio yangu, siku sita.

Jumanne, 4 Novemba

Swabir amekuja licha ya ujumbe. Miwani ya jua, viatu vyeupe. Yeye hagusi gunia. Wanaogusa ni wafanyakazi wake. Alifuata magunia yake ya kijani, kwani utaratibu wake ni kwamba ukitoa lililojaa unaachiwa tupu, na ukijitoa unarudisha yote. Nimemrudishia, na hotuba juu yake. Nimemweleza jinsi joto la lundo linavyozaliwa: majani makavu, majani mabichi, samadi, maji, hewa. Nimemweleza kuwa moyoni mwa lundo mtu anaweza kuivisha yai. Alisikiliza kwa adabu hata nikamwonea huruma. Aliuliza mambo mawili tu: joto hilo hukaa kwa muda gani, na je, lundo likihamishwa litapoa? Nilimjibu kwa kirefu. Nadhani ameongoka.

Absalom alikuwa akisikiliza kwenye wigo. Huyu ni jirani, mtu wa bara, msimamizi wa dobi katika hoteli moja ya ufuoni. Magunia yake yalikuwa yamepangwa langoni kama wanafunzi gwarideni. Huniita Dokta. Sina udaktari, sijawahi kumsahihisha.

Aliuliza kama ni kweli kwamba kwangu hakuna jani lililo taka. Nikasema ni kweli, popote lilipoanguka. Akaniomba nirudie mbele ya mkewe, Philister. Nikarudia. Philister akanirekodi kwa simu. Sikuona sababu ya kukataa. Hoja nzuri haiogopi kurekodiwa.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeamkia matawi ya bogenvilia, miiba mitupu, yaliyorushwa juu ya wigo na kutua kwenye kanzu yangu iliyoanikwa. Nikamwita Absalom. Akatokeza kichwa, mswaki mdomoni.

“Hiyo ni mali, Dokta,” akasema. “Usiseme jirani hakukupea kitu.”

Kisha nikafungua simu. Philister ametuma rekodi yangu katika kundi la wakazi. Chini yake Absalom ameandika kwamba Muzammil, yaani mimi, anapokea majani bure, saa zote, bila ubaguzi.

Walikuja. Wallahi walikuja! Mwalimu Eunice wa chekechea alileta nyasi za kiwanja kizima cha michezo. Mtu nisiyemjua alishusha makuti mabovu ya paa lake la zamani. Makumbi ya nazi. Majani ya mwarobaini. Mgomba mzima, na mkungu uliooza. Je, ningekataa? Kulikataa jani moja ni kukiri kwamba liko jani lililo taka, na hapo hoja nzima inaporomoka. Nikapokea yote kwa mikono miwili, nikashukuru kila mtu kwa Kiswahili fasaha.

Alasiri nikaongeza samadi kutoka kwa Kitsao, mfuga ng’ombe, na ndoo ya matumbo ya samaki ili kuharakisha mambo. Mvua ikanyesha, nayo ikaupiga muhuri utaalamu wangu. Lundo limepita dirisha la chumba changu. Ninaandika haya mchana huu kwa taa.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimetia mkono ndani ya lundo, nikautoa haraka. Moto! Nadharia imethibitika. Nilicheza kidogo, peke yangu.

Kasoro ni moja. Halinywei. Na harufu yake si ya msitu.

Nimetafakari kwa uadilifu na kuona kwamba mwanafikra anaweza kutumia huduma asiyoiamini, kwa muda, kwa dharura, ilimradi asijulikane. Nikampigia Swabir kwa namba nyingine, kwa sauti nzito ya kizee. Nikajitambulisha kuwa ni mzee mmoja wa Matuga, aliyeachiwa lundo kubwa pale Bongwe na mpwa wake mjinga. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka niliposema “kwa mujibu wa ratiba yako”.

Kisha Swabir akasema, kwa heshima zote, “Shikamoo, mzee wa Matuga. Lori limejaa mpaka Jumanne. Na ukimwona Muzammil, mwambie samadi imetosha.”

Sikuitikia marahaba. Nilikata simu.

Ijumaa, 7 Novemba

Wakati wa hotuba ya Ijumaa nilipata ufunuo, ingawa nakiri haukuhusiana na hotuba.

Shangazi alisema asikute lundo. Hakusema asikute jukwaa.

Nimeshinda kutwa kwa jembe na koleo. Nimelishusha, nimelisawazisha, nimelishindilia kwa miguu, nimelipa pembe nne. Juu yake turubai. Juu ya turubai mikeka. Juu ya mikeka busati jekundu la sebuleni, na mito ya kuegemea. Pembeni vyetezo vya ubani na udi, vingi, kwa sababu zinazoeleweka.

Absalom alichungulia akiwa na kikombe cha chai. Akauliza kama hiyo ni stage ya harusi. Nikamwambia ni mapokezi ya hujaji, na kwamba watu wengine hupokea wageni wao kwa taulo za hoteli. Alinusa tu, akarudi ndani.

Jumamosi, 8 Novemba

Shangazi amefika alasiri. Nikamwamkia, nikambusu mkono, nikamwongoza uani huku nikimfukizia udi mbele kama bibi harusi.

Alisimama. Akaliangalia jukwaa. Akatoa machozi.

Akasema alikuwa akiniombea kule, kila tawafu, nipate akili, na kumbe dua ilifika kabla yake. Akasema chumba ni changu, feni ni yangu, hata nikioa nikae humo humo. Akanipa kanzu mpya na chupa ya maji ya Zamzam. Niliona si adabu kumkatiza mtu aliyetoka safari ndefu kwa maelezo ya kitaalamu.

Aliuliza tu kwa nini udi ni mwingi hivyo. Nikasema ni mapenzi.

Jumapili, 9 Novemba

Ninaandika haya nikiwa na moyo mzito na hoja imara.

Akina mama walijaa. Mgeni wa heshima alikuwa Bi Tumu, shoga wa shangazi tangu chuoni, ambaye magoti yake ni habari ya mtaa mzima. Hakuna aliyewahi kuketi naye bila kuyasikia. Shangazi akampandisha jukwaani yeye wa kwanza. Bi Tumu akaketi akiugulia. Baada ya muda akanyamaza. Baada ya muda mwingine akanyoosha miguu.

Akamwita shangazi, akamnong’oneza kwa sauti iliyosikika mpaka langoni. “Nusra, hapa mmeweka nini? Magoti yangu yamelala.”

Shangazi akasema ni baraka ya safari. Basi kila mwenye nyonga, mgongo au kifundo akataka kupanda. Wakabanana juu ya busati kama sahani rafuni. Mmoja akasinzia. Mimi nikasimama pembeni na chetezo, nikiona kwa macho yangu falsafa ikiponya umma. Nilikuwa ninatunga sentensi ya kwanza ya hotuba ya kukiri.

Ndipo binamu yangu Nadhira, aliyekuwa akigawa sharubati, akauliza kwa utulivu kwa nini jongoo watatu wanatembea kwenye mto wa Bi Tumu.

Hawakuwa watatu. Lundo lilikuwa limewapa joto wao pia, na uzito wa akina mama ulikuwa unawatoa kwa kila upande. Wanene, weusi, wa mvua za vuli, wakishuka kwenye busati jekundu bila haraka. Wageni wakashuka kwa haraka. Busati likavutika, turubai likafunuka, na mvuke ukapanda ukiwa umebeba habari zote za matumbo ya samaki. Ubani haukuweza lolote.

Philister, aliyealikwa kwa ujirani mwema, akainama akachomoa kitu. Akasema hiyo ndala ni ya mume wake. Kisha akatambua bogenvilia yake. Mwalimu Eunice akatambua nyasi zake. Mtaa mzima ukasimama pale ukitambua mali zake.

Shangazi hakupiga kelele. Nilitamani angepiga.

“Muzammil, mwanangu,” akasema. “Nimetoka nyumba ya Mungu, umenipokea kwa jalala. Na wageni wangu ukawaketisha juu yake.”

Nikafungua mdomo kubainisha tofauti kati ya jalala na mboji. Nadhira akanikanyaga mguu.

Bi Tumu peke yake hakuwa ameshuka. Alikuwa angali ameegemea mto wake, jongoo mmoja begani, akisema asisumbuliwe.

Jumatatu, 10 Novemba

Hukumu imetoka. Nilijitetea kwa sehemu tatu. Katika sehemu ya kwanza shangazi alikwenda kukaanga samaki. Katika ya pili alirudi na sanduku langu. Ya tatu nilimhutubia paka.

Swabir aliitwa kwa dharura. Leo lori lake halikuwa limejaa! Akashuka na viatu vyake vyeupe, akamwamkia shangazi, akamfariji. Wafanyakazi wakapakia lundo lote, na Absalom akavuka wigo kuwasaidia, akipiga mluzi. Nilipomwambia shangazi kwamba wanabeba mali yake, akasema waibebe upesi.

Lakini sikilizeni lori lilikokwenda. Halikwenda shimoni, wala shambani. Lilikwenda nyumbani kwa Bi Tumu! Amelitaka lote, lipangwe barazani kwake, lifunikwe mikeka. Naye Swabir amemwahidi kumletea majani mapya kila wiki, kumrundikia, kummwagilia maji, na kuondoa yaliyopoa. Kwa malipo. Akina mama wengine wawili wameshajiandikisha.

Nilimkabili langoni. Nikamwambia fikra hiyo ni yangu, neno kwa neno.

“Ndiyo, ndugu yangu,” akasema. “Ndiyo maana sikukukatiza siku ile. Ahsante kwa somo.”

Akanipa mkono. Nikaupokea kabla sijafikiri. Kisha akajitolea kunifikisha Msambweni, kwa kuwa ana mteja huko. Nikakataa kwa heshima ya elimu. Mvua ikaanza. Nikakubali.

Jumatano, 12 Novemba

Msambweni. Baba ameuliza baada ya alfajiri. Nimemjibu kwamba niko katika utafiti. Akauliza utafiti unalala mpaka saa ngapi. Wadogo zangu walicheka chini ya shuka. Kuna goti la mmoja wao mgongoni mwangu hata ninapoandika.

Habari za Bongwe zinanifikia kupitia Nadhira. Chumba changu kimepata mpangaji, fundi wa friji. Absalom ameniondoa katika kundi la wakazi, eti nimehama. Wanavyosema, jambo limekwisha.

Halijakwisha. Nimeyapitia matukio yote hatua kwa hatua, bila upendeleo, na sioni kosa katika dai langu. Kosa lilikuwa katika utekelezaji: turubai lilikuwa jepesi mno. Hapa nyuma ya jiko la mama pana kona nzuri, yenye unyevu, chini ya dirisha la chumba cha baba. Matumbo ya samaki Msambweni hayahitaji kutafutwa. Tangu jana lundo jipya limefika kimo cha kiuno. Mama ameuliza harufu hiyo ni ya nini. Nimesema ni mwani, upepo umegeuka. Nimeazima turubai la boti, zito.

Na kwa kuwa nimefungiwa kundi, nimemtumia Nadhira maandishi yafuatayo ayabandike humo kwa jina langu. Anasema atafikiria. Ninayanakili hapa ili historia isije ikapotoshwa:

Absalom, Swabir, na nyote mliocheka Jumapili: nijibuni hadharani, mbele ya wakazi wote, kwa majina yenu kamili, bila vikatuni wala dole gumba. Ikiwa jani ni taka, Bi Tumu anamlipa Swabir kwa kumletea nini?