Anayemalizia Riwaya Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza riwaya! Mimi, fundi rangi, niliyeishia darasa la saba! Dada yangu kapiga simu kutoka nyumbani, akasema binti yangu siku hizi anakula huku anasoma, riwaya za vijana, akimaliza hii anadaka ile. Binti huyo huyo ambaye nikimpigia ananitupia shikamoo kama anatupa ganda la ndizi, halafu haya, ongea na shangazi. Nilimwacha anatambaa. Sasa ana miaka kumi na tano, na kwake mimi ni kama mtu aliyekosea namba.

Mpango: nitamwandikia riwaya. Kutunga, hapana. Mtu katoka kazini mgongo umekufa, atatunga nini? Nachukua ile hadithi ya zamani ya msichana aliyeolewa na zimwi, akapewa funguo za nyumba nzima na kukatazwa chumba kimoja. Naivalisha nguo mpya. Zimwi nimempa pikipiki na miwani ya jua. Nitaisoma kwenye simu, sura moja moja, nimtumie sauti.

Jumanne, 4 Machi

Pa kurekodia ni wapi? Tunakolala tumepangwa kama njiti za kiberiti. Kazini ni nyundo, na fundi bomba, tunayemwita Mabomba, anaimba kutwa. Lakini katika hii nyumba kuukuu tunayoikarabati kuna chumba cha juu chenye kufuli. Msimamizi ametukataza kuingia. Mwenye nyumba anataka kipakwe mwisho, basi, hakuna maelezo. Nikamwambia msimamizi dari ya huko inavuja. Uongo mtupu! Akanirushia ufunguo.

Kimya cha humo! Nyundo ziko ukuta wa pili na hazisikiki. Hakuna kitu ila kiti kilichogeukia ukuta. Wenzangu wanakula, mimi nimekaa sakafuni nikasoma sura ya kwanza. Nikatuma.

Jumatano, 5 Machi

Amejibu! Mwenyewe! Kasema zimwi wangu ni mshamba, nani anavaa miwani ya jua ndani ya nyumba? Kasema bibi harusi ni zuzu. Ila yule mama anayeendelea baada yako, Baba, yule ni kiboko.

Mama gani?

Nikasikiliza rekodi. Mimi, mimi, kikohozi, kimya. Nikamwita Mabomba naye asikilize. Akasema anachosikia ni mtu anayesoma kama anasomewa mashtaka, na kwamba kwa sauti ile hata simu itasinzia. Nikamkaba shati, nikamwambia ni yeye aliyejifanya mwanamke. Akaapa kwa mama yake mzazi. Kisha akaniloanisha kwa mpira wa maji.

Alhamisi, 6 Machi

Sura ya pili. Leo kiti kimegeukia katikati ya chumba. Bila shaka msimamizi alipita. Ingawa ufunguo ninao mimi.

Jioni ukaja ujumbe mrefu kutoka kwa binti. Katika sura yangu, bibi harusi anafungua chumba na kukuta mafuvu. Yule mama kasahihisha. Bibi harusi hafungui chochote, yumo ndani tangu zamani. Anayefungua ni mwanamume mwenye rangi nyeupe kwenye nyusi, anakaa sakafuni na kuanza kumsomea, tena vibaya. Binti kacheka mpaka shangazi yake akaja kuchungulia.

Nikaenda kwenye kioo. Nyusi nyeupe. Na nyumbani wanajua nafanya kazi ofisini!

Siogopi. Nimekasirika. Nani kamwomba? Hadithi niichimbue mimi, sifa azoe mtu asiye hata na kalamu!

Ijumaa, 7 Machi

Nimemkomoa. Sura ya tatu nimerekodia stoo ya saruji, mbali kabisa na chumba. Sura tamu! Zimwi anashindana mbio za pikipiki na polisi. Binti akajibu: Leo hayupo? Sawa.

Sawa. Basi. Nikampigia. Ganda la ndizi, ongea na shangazi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi chumba cha juu. Mtu ana heshima yake, lakini ana mtoto pia. Nikasoma ukurasa mmoja, nikaacha simu inarekodi, nikakiambia kiti: haya, Bibi, karibu. Hewa ya baridi ikanipita shingoni, kama mtu kafungua friji nyuma yangu. Nikatuma bila kusikiliza.

Halafu nikamwomba binti aandike yote anayosema yule mama, neno kwa neno, eti nilinganishe na mswada wangu. Nitayachukua yote. Atanishtaki wapi? Hana anwani.

Jumatatu, 10 Machi

Binti kanitumia picha za kurasa zake. Ni nzuri, nimeona wivu. Kisha nikafika mwisho. Bibi harusi amechoka kukaa ndani, anataka kutoka, njia haijui. Anamuuliza anayemsikiliza: kwenu ni upande gani?

Na binti yangu akajibu! Peke yake chumbani, kwa sauti, kama anamwelekeza mgeni. Shuka kituoni, pita mashine ya kusaga, uliza nyumba ya fundi cherehani. Ndiye dada yangu. Ananisimulia kwa furaha: Baba, kaniambia asante, mwanangu.

 Nikapanda ngazi mbio. Kiti kilikuwa mlangoni. Nikamwambia: Bibi, yule ni mtoto, chukua hadithi, chukua hata pikipiki, niachie mwanangu. Nikaimaliza riwaya pale pale kwa mdomo. Zimwi akafa, bibi harusi akalala, mlango ukafungwa, hakuna aliyetoka. Sikurekodi. Nikabana kufuli, nikamrudishia msimamizi ufunguo, nikamwambia binti riwaya imekwisha.

Akasema sawa. Iliuma hiyo sawa. Lakini nimefanya la baba.

Jumatano, 12 Machi

Simu! Kapiga yeye! Miaka yote hii haijawahi kutokea! Kasema sura ya leo imemtoa jasho. Sura gani? Tangu Jumamosi sijatuma hata kikohozi. Kasema bibi harusi katoka, kashuka kituoni, kapita mashine ya kusaga.

Nilitaka kumkatiza. Lakini alikuwa anacheka. Ananiuliza kama nyusi nimeosha, ananiuliza nakula nini huku, nani ananifulia. Mimi na binti yangu, tunapiga soga kama watu wa nyumba moja! Ghafla akasema ngoja, Baba. Kasema kuna mtu anabisha hodi, na shangazi kaenda kupeleka nguo za watu.

Nikapiga kelele asifungue! Asithubutu! Akauliza, basi nikate simu, Baba?

Nikafikiri. Akikata, atanipigia tena lini? Na ule mwisho wangu wa Jumatatu, tusidanganyane, ulikuwa wa ovyo.

Nikamwambia asikate. Asogee dirishani, amsalimie mgeni kwa adabu, amuulize hadithi inaishaje, na aandike kwa mwandiko unaosomeka. Tena amweleze mapema kwamba kwenye jalada jina ni langu peke yangu.

Nikasikia hatua zake. Nikasikia wananong'ona. Akarudi, kasema mgeni amekubali kila kitu, hata la jalada, ila hadithi yake haisimuliwi dirishani.

Nikamwambia afungue kidogo tu.